Kamba ya Tanga Dogo

Jumamosi Sabina hakuhitaji kuamshwa na mtu. Majirani zake wa Igogo, jijini Mwanza, walipokuwa bado wamelala, yeye alikuwa ameshachemsha uji, ametia kanga safi na sabuni kwenye mfuko, na amemwita mumewe zaidi ya mara moja. Mwishoni alimwita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Baba Queen! Upepo hautakusubiri umalize ndoto zako!"

Masele alitoka akipiga miayo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mchapakazi, na mbishi kidogo. Yeye na mkewe walikuwa na mashua ya matanga mawili: tanga kubwa katikati na tanga dogo mbele. Siku za kazi walibeba vitunguu, unga na kreti za soda kupeleka visiwani. Jumamosi ilikuwa siku ya mama.

Mama yake Sabina, Bibi Evelina, aliishi kwenye kisiwa kidogo ambacho kivuko hakifiki. Alikuwa amepooza upande mmoja. Jirani yake alimpikia na kumtekea maji. Lakini kuoga, Bibi Evelina alitaka kuogeshwa na mwanawe tu. Alisema anaona aibu mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo kila Jumamosi Sabina alivuka ziwa kwenda kumwogesha mama yake.

Ndani ya mashua, Masele alishika usukani na kamba ya tanga kubwa. Sabina alikuwa mtu wa tanga dogo. Tanga hilo lina kamba mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Sabina aliivuta ile ya upande uliotakiwa, kisha Masele aliifunga mwenyewe kwenye ubao. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, ingawa hakuna aliyelijua.

Masele hakuzaliwa ziwani. Alikulia Kwimba, akichunga ng'ombe wa baba yake. Huko alijifunza kwamba ng'ombe akifunguka usiku, atakula mahindi ya jirani, na asubuhi mtaamkia kwenye kesi. Kwa hiyo fundo la Masele lilikuwa fundo kweli. Alizungusha, akapitisha, akakaza, akaongeza jingine juu yake. Alipohamia ziwani alihama na fundo lake.

"Hiyo haitoki," alisema siku hiyo pia, akilipigapiga fundo kwa fahari.

Walipofika katikati ya safari, upepo ulipiga ghafla. Mashua ililala ubavu na maji yakaanza kuingia. Masele akaachia kamba ya tanga kubwa. Tanga dogo likabaki limejaa upepo, linaivuta mashua izidi kulala.

"Fungua kamba!" Masele alipiga kelele.

Sabina alilirukia fundo. Lilikuwa limelowa, limekaza kama jiwe. Alilikwaruza kwa kucha mpaka ukucha mmoja ukang'oka. Fundo halikutikisika. Maji yalikuwa yamemfika magotini alipokumbuka kisu cha kukatia magunia. Alikichomoa chini ya ubao akaikata kamba. Tanga likapepea, mashua ikainuka polepole.

Walichota maji, wakarudi Mwanza. Sabina hakulia ziwani. Alilia nyumbani, amekaa jikoni, amekishika kidole chake.

"Mashua hiyo sipandi tena," alisema. "Mpaka kamba ile iwe inafunguka."

Jioni alimpigia simu mama yake, akamweleza.

"Usije ukafa maji kwa ajili yangu, mwanangu," Bibi Evelina alisema. "Mimi nitakaa tu."

Neno lile, nitakaa tu, lilimuuma Sabina kuliko kidole. Jumamosi iliyofuata ikapita hajaenda.

Masele naye aliumia, ila yeye huumia kimyakimya. Alikwenda dukani Nyamagana akanunua vibanio viwili vya kamba. Kila kibanio kilikuwa na taya mbili za meno. Ukiingiza kamba katikati, taya zinaibana. Ukiinyanyua kamba, inatoka. Masele alivipigilia misumari kwenye kingo za mashua, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa nje kabisa. Vilimeta na kupendeza. Akaenda kumwita mkewe.

Mashua ilikuwa imevutwa mchangani. Sabina alipanda akakaa upande wa kulia.

"Tuseme upepo unatoka kulia kwangu," alisema. "Mashua italalia wapi?"

"Kushoto."

"Na kamba inayovuta tanga ni ipi?"

"Ya kushoto."

"Na kibanio chake kiko wapi?"

Masele alionyesha ukingo wa kushoto. Sabina alinyoosha mkono. Haukufika hata nusu ya njia.

"Kwa hiyo nitoke huku juu, nishuke kule kunakozama, niongeze uzito wangu, halafu nikitafute kibanio ndani ya maji? Baba Queen, unanipenda kweli?"

Masele alikuna kichwa. Alijua amekosea, na alijua mkewe anajua.

"Twende kwa Najat," Sabina alisema.

Najat alikuwa fundi wa mashua, na karakana yake ilikuwa ufukweni, si mbali na kwao. Aliirithi kwa baba yake. Pia aliwafundisha wenye vyombo namna ya kusafiri salama.

"Nimeanza kusafiri ziwani Najat akiwa bado anavaa sare ya shule," Masele alinung'unika.

"Na sasa ameshaivua. Twende."

Najat aliwapokea kwa heshima. "Shikamoo Baba Queen. Shikamoo Mama Queen."

"Marahaba, fundi," walijibu. Sabina akamweleza yote, pamoja na kile kisu. Najat hakucheka. Alichukua kopo la vifaa vyake akafuatana nao mpaka kwenye mashua.

"Kwanza tuchague kifaa," alisema. Akatoa kigingi cha mti chenye pembe mbili. "Hiki ni cha zamani. Unazungushia kamba kwenye pembe. Ni imara, na hakiharibiki. Kwa kufungia mashua bandarini, hakina mpinzani. Lakini tanga likijaa upepo, kuizungusha kamba nyuma ili itoke ni kazi. Tanga dogo linataka kamba itoke mara moja."

Akatoa kingine, kipande chenye mfereji wa meno. "Hiki hakina kitu kinachozunguka. Ni rahisi. Lakini kinakula kamba, na kikishabana sana kinakuwa kigumu kuachia."

"Na changu?" Masele aliuliza.

"Chako ndicho kizuri kuliko vyote hivi, Baba Queen. Umechagua vizuri."

Masele akamtazama mkewe. Sabina akajifanya hajasikia.

"Ila kamba yako ni nyembamba kwake," Najat aliendelea. Aliibana kamba akaivuta, nayo ikateleza. "Unaona? Kamba nyembamba inapita. Kamba nene mno haiingii. Siku ya kununua kibanio, nenda na kipande cha kamba yako mfukoni." Akaitoa kamba ile, akaweka nyingine ya unene unaofaa.

Akachukua chaki. "Sasa mahali pa kukiweka. Mama Queen, kaa unapokaa siku zote upepo ukitoka kulia. Fumba macho. Nyoosha mkono bila kuinama."

Sabina alifanya hivyo. Mkono wake ulitua kwenye ubao wa katikati, karibu na goti lake. Najat akachora alama hapo.

"Kifaa kinaufuata mkono," alisema. "Wengi wetu tunapigilia kifaa kwanza, halafu mkono ndio unaambiwa ukifuate."

"Lakini kamba iko kushoto," Masele alisema. "Itafikaje kulia?"

"Kwa kapi." Najat alishika gurudumu dogo la kupitishia kamba, akaliweka upande wa kushoto. Aliipitisha kamba ndani yake, kisha akaivusha mpaka upande wa pili, pale kwenye alama ya chaki. "Kamba ya kushoto inakuja kubanwa kulia. Ya kulia inabanwa kushoto. Wewe daima umekaa upande wa upepo, na kamba inayofanya kazi inakufuata hapo ulipo."

Masele alichuchumaa akaitazama kamba kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu peke yake.

Alikibandua kibanio cha kushoto akakileta kwenye alama, lakini alipotaka kuchukua nyundo, Najat alimzuia, akakishikilia pale kwa mkono. Alimwambia Sabina avute kamba akiwa amekaa. Kamba iliingia kwenye kibanio kwa upande ikajikunja. Najat akachonga kabari ya mti, akaiweka chini ya kibanio ili kiinamie kwa Sabina. Sabina akavuta tena. Kamba ilinyooka ikabanwa. Akainyanyua kidogo tu, ikatoka. Alirudia mara nyingi, macho wazi na macho yamefumbwa, mpaka akaanza kucheka.

"Misumari hatutumii tena," Najat alisema. "Tanga lina nguvu, litaivuta itoke. Tunatoboa ubao, tunapitisha bolti, na chini tunaweka kipande cha mti mgumu kabla ya nati. Na mchanga ukiingia kwenye meno, osheni kwa maji, la sivyo taya zitakwama."

Walifanya kazi mpaka mchana. Wenye mashua wengine walikuja kuchungulia, na Masele aliwaeleza habari za kapi na kabari utafikiri amezibuni yeye. Najat alimwacha ajidai.

Kazi ilipokwisha, Masele aliijaribu mwenyewe. Aliivuta kamba, akaibana vizuri. Halafu mikono yake, bila kumuuliza mwenyewe, ikaanza kupiga fundo juu ya kibanio. Sabina alimpiga kofi mkononi.

"Ya usalama tu," Masele alijitetea. "Nyumbani kwetu ng'ombe akifunguka ni kesi."

"Ng'ombe akifunguka, Baba Queen, atatafutwa na atapatikana," Najat alisema taratibu. "Mashua ikikataa kufunguka, tutakutafuta wewe."

Masele aliinamisha kichwa. Alikitazama kidole cha mkewe, ambacho ukucha wake ulikuwa umeanza tu kuota upya. Akalifungua fundo lake polepole, akasema, "Nisamehe, mke wangu."

"Na upepo ukiwa wa kubadilikabadilika," Najat aliongeza, "msibane kabisa. Shika kamba mkononi. Kibanio ni cha kupumzisha mkono. Macho hayapumziki."

Walizunguka karibu na ufukwe siku kadhaa, wamevaa jaketi okozi, wakijifunza kubana na kuachia. Jumamosi ilipofika, Sabina aliweka sabuni na kanga kwenye mfuko. Alipanda, akavuta kamba mara moja kuijaribu, ikabana.

Kisiwa kilipoanza kuonekana vizuri, maji mbele yao yalibadilika rangi, yakawa meusi yenye mikunjo.

"Upepo unakuja," Masele alisema.

Ulipiga. Mashua ikaanza kulala. Sabina hakusubiri kuambiwa. Alinyanyua kamba, nayo ikatoka. Tanga dogo likapepea kwa kelele, mashua ikasimama. Upepo ulipotulia, akaivuta kamba tena, akaishika mkononi. Safari ikaendelea.

"Umeona?" Sabina alisema, akipumua kwa nguvu.

"Nimeona," Masele alijibu. Akaielekeza mashua kisiwani.

Bibi Evelina alikuwa amekalishwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, ameelekea ziwani. Sabina alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Bibi Evelina alimshika shavu kwa mkono wake mzima, akamgusagusa uso kama anayehakikisha. "Nimewaona tangu mkiwa mbali. Upepo ulipowapiga, niliiona mashua inalala. Nikafumba macho. Nikaanza kukulilia."

"Pole, mama."

"Nililia weee. Halafu nikafumbua macho, nikakuta bado mnakuja."