Mgomba Uliovishwa Gauni la Sabina

Sabina alipopiga miayo asubuhi ile, jikoni kulinuka udongo mbichi, kama shimo limechimbwa sasa hivi. Mama yake, Tabea, alifungua dirisha akasingizia mvua, wakati huku juu ya Tengeru hakukuwa na mvua yoyote.

Mtoto alikuwa na miaka tisa na filamu moja. Wiki iliyopita aliigiza binti anayekufa kwa homa, na watu walimsifu sana, ila alikataa katakata kulala kwenye jeneza. Basi mwongozaji, Rodrick, akakata mgomba, akauvisha gauni la Sabina ili jeneza liwe zito, wakauzika shambani pale ukoo unapozikana, majirani wakiimba nyimbo za kanisani kabisa.

"Mwanangu, mmefanya nini?" mama mkwe alinong'ona aliporudi kutoka Kikatiti. "Mgomba huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Mmemzika mtoto mzima. Fukueni leo!"

"Mama, ni maigizo tu. Jumamosi Rodrick anarudi kurekodi sehemu ya pili, kaburi linatakiwa. Akimaliza tutafukua."

"Huyo mtoto wako staa, tangu siku ile umemwona akila?"

Tabea hakuwa amemwona. Alichokuwa akiona ni mabango ya filamu yenye sura ya bintiye.

Jumamosi Sabina aliigiza mzimu wa yule binti, na hakuna aliyemwelekeza. Alisimama juu ya kaburi bila kupepesa macho, akacheka kwa sauti nene iliyotokea chini ya miguu yake, na harufu ya udongo ikazidi, na mbwa wakakimbia, na Rodrick, aliyekuwa akishangilia, akatazama kwenye kamera, akaona gauni limesimama lenyewe, halina kichwa wala mikono.

"Mama Sabina," akasema polepole, "sisi tunaondoka."

Hapo ndipo Tabea alipokamata jembe, akachimba huku akimwita Yesu, ambaye wiki nzima hakumkumbuka. Jeneza lilipofunguka, mgomba haukuwemo. Alikuwemo Sabina, amekata roho, kucha zimeng'oka, vidole bado vina joto.

Ukingoni mwa kaburi, yule Sabina mwingine akanyoosha mkono.

Tabea alitazama chini, akatazama juu. Kisha, Mungu amrehemu, akalifunika jeneza, akaushika ule mkono, wakaelekea nyumbani.

"Tabea!" mama mkwe alilia. "Huyo siye!"

"Nyamaza, mama," Tabea alinong'ona. "Atakusikia."