Vipande Vinne vya Mwalimu

—Miaka thelathini na tano kwenye cherehani, sijawahi kushona mkono wa shati kinyume! Fundi alijigamba, kisha akakohoa. —Labda mara tatu. Nne, tukihesabu shati la marehemu mume wangu, na yeye alilivaa hivyo hivyo, Mungu amrehemu.

Mgeni mlangoni akacheka. Kicheko kile kile! Nywele zimekuwa pamba, tumbo limetangulia, lakini kicheko hakijazeeka hata siku moja.

Asubuhi ile alikuwa amemtumia ujumbe: "Fundi, ni mwalimu wako wa Kiingereza. Nimestaafu. Nina swali moja. Nakuja saa tisa." Fundi aliusoma mara kumi na moja, akajichoma sindano kidoleni mara mbili.

—Haya, mwalimu, uliza.

—Kwa nini hukunijibu?

Mguu wa fundi ukaganda kwenye pedeli. Darasa lote la watu wazima likamrudia: madawati mafupi yanayobana magoti, vumbi la chaki, na mwalimu kijana akikata habari ya Kiingereza vipande vipande kwa mkasi ili wanafunzi waipange upya. "Sentensi hazikai pamoja kama abiria," alizoea kusema. "Zinashikana mikono. Utafuteni huo mkono!" Siku ya mwisho alimpa fundi bahasha ya peke yake. Ndani, vipande vinne.

—Nikujibu nini, na wewe ulishanikataa?

—Mimi?

—Si nilivipanga! Akavitaja kwa moyo, Kiingereza akikigeuza Kiswahili: —"Yupo mwanamke ninayempenda. Lakini nimemkataa. Mama amenichagulia mchumba. Nitamuoa." Nililia wiki nzima, nikakubali posa ya kwanza iliyobisha hodi.

Mwalimu akaketi juu ya furushi la vitambaa kama gunia lililokatwa kamba.

—Mama yangu wee! Ilikuwa hivi: "Mama amenichagulia mchumba. Lakini nimemkataa. Yupo mwanamke ninayempenda. Nitamuoa."

Fundi akavipanga upya kichwani, kimoja kimoja. Machozi yakamlenga, naye akayageuza hasira upesi.

—Sasa mwanaume mzima ulishindwa kuniambia kwa mdomo, mpaka unipe mtihani?

—Niliona haya.

—Kwa haya zako nimempikia mume mwingine miaka ishirini na sita!

—Na mimi nimekula chakula cha mama mpaka alipofariki. Sijaoa. Fundi, jibu lako nalingoja mpaka leo. Utakuwa wangu?

Moyo ulimruka kama wa msichana wa miaka ishirini. Akajifanya anatafuta uzi.

—Uzee wote huu? Mimi nilishakusahau, bwana. Hivyo vipande vyako nilivichoma moto siku ile ile.

—Basi nitaviandika upya, na safari hii nivipange mwenyewe. Nipe karatasi.

—Ya nini kuharibu karatasi? Ni kile cha pili tu ambacho wino wake umefifia, vingine vyote...

Akajiuma ulimi.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu.

—Umefifia lini, mpenzi? Kabla ya moto, au baada?