Ruhusa kwa Wote

Neno la kwanza ambalo Fikirte hakuliandika lilikuwa "siagi". Lilijitokeza chini ya vitunguu na juu ya sabuni, asubuhi ya mvua, kwenye orodha ya manunuzi aliyoitengeneza mwenyewe kwenye simu yake. Kwa kuwa hakuna nyumba mjini Gondar isiyohitaji siagi, hakushtuka. Alidhani ni mumewe, Getnet. Getnet aliporudi nayo kutoka sokoni alidhani ni mkewe. Wakala, wakalala.

Orodha hiyo ilikuwa kazi ya darasani. Duka la ushonaji la Fikirte lilikuwa limebomolewa kupisha barabara ambayo mpaka leo haijapita, na ofisi ya mtaa, kwa kumpoza, ikamwandikisha kwenye mafunzo ya wanawake ya kutengeneza programu za simu. Walifundishwa na kijana mmoja mpole, Wondwossen, aliyetumia karatasi zilizopigwa chapa kwa sababu intaneti ya ofisi ilipatikana siku zisizo na darasa. Kila mwanafunzi atengeneze orodha: unaandika kitu kwenye simu hii, kinakwenda kuhifadhiwa kwenye wingu, kinatokea kwenye simu ile. Kikishanunuliwa, unatia tiki. Ukikichoka, unakifuta.

"Wingu ni mashine za watu walioko mbali," Wondwossen alieleza. "Simu ikivunjika, orodha haivunjiki."

Ukurasa wa nne wa karatasi ulisema: chagua hali ya majaribio, yaani ruhusa kwa wote kusoma, kuandika na kufuta.

"Wote akina nani, mwalimu?" Fikirte aliuliza.

"Wote ni wote, dada. Utafunga baadaye."

"Baadaye lini?"

"Wakaguzi wa mkoa wakishapita. Barua inasema mifumo ibaki wazi ili waingie kukagua. Atakayefunga kabla, hana cheti."

Fikirte alikihitaji cheti. Akaacha wazi, akawasubiri wakaguzi, ambao kwa desturi ya wakaguzi hawakuja. Akaja mwingine.

Neno la pili lilikuwa "manukato, yale ya chupa ya bluu". Getnet aliiweka chupa mezani, akaifungua kuonja harufu, na Fikirte akaifunika upesi.

"Nani kakutuma hii?"

"Wewe. Umeandika mpaka rangi ya chupa, utadhani unaoza binti."

"Sikuandika, baba Mahlet."

"Basi wingu limeandika. Na lina makuu kuliko wewe."

Ilikuwa harufu ya marehemu mama yake. Mama Yeshimebet alikuwa na zar, pepo mwanamume, mwenye kiburi na mwenye tamaa, na kila Jumamosi alimtandazia nyasi mbichi sakafuni, akamchomea ubani, akakaanga kahawa. Akajipaka siagi kichwani mpaka ikachuruzika masikioni, kisha kwa sauti nene isiyo yake akaanza kuagiza: nipeni hiki, nipeni kile. Familia nzima ilitoa. Alipokufa mwaka jana, Fikirte, mtu wa shule, aligawa vikombe kwa majirani na kukitupa chetezo jalalani. Alimstaafisha yule zar bila kiinua mgongo.

Alilifuta lile neno. Likarudi, na tiki juu yake.

Jioni hiyo binti yao Mahlet, mwenye miaka saba na asiyewahi kunywa hata chai ya rangi, alisukuma maziwa pembeni.

"Nataka kahawa. Ya kwanza, kabla haijaongezwa maji. Bila sukari."

"Nani kakufundisha hayo?"

Mtoto alimtazama kama mtu anavyomtazama mtumishi mgeni, kisha akacheka, akawa Mahlet tena.

Neno la tatu, "jogoo mwekundu", Getnet alilitekeleza kabla Fikirte hajaliona. Alimkuta jogoo ameshachinjwa uani, damu inafuata maji ya mvua hadi kizingitini. Tangu hapo nyumba haikutulia. Umeme ulikatika mchana kutwa, lakini simu, aliyokuwa ameizima na kuifungia ndani ya debe la unga, iliendelea kulia humo ndani, taratibu, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko akidai huduma. Ubani ulinukia nyumba nzima, na nyumba nzima haikuwa na chetezo.

Fikirte alikwenda kwa Mama Zenebech, nyuma ya mashine ya kusaga, aliyekuwa kiongozi wa ngoma za pepo za mama yake. Alimkuta akihesabu meno yaliyobaki kwa ulimi, hana haraka.

"Mmempa nini?"

"Siagi, manukato. Jogoo. Hatukujua, mama."

"Yeye alijua. Harufu kapata, damu kapata. Mmeshamkaribisha, binti yangu, tena kwa heshima kuliko wanaokusudia. Sasa atadai farasi."

Fikirte alielewa. Farasi ndivyo wanavyomwita mtu ambaye zar humpanda.

"Mama yako alikuwa farasi wake miaka yote," Zenebech aliendelea. "Hafuati wanaume. Ni wewe au yule mdogo. Wewe shingo yako ngumu, umesoma. Yule ni laini."

"Usiseme hivyo, tafadhali."

"Nisiposema hatasikia? Kaingilia wapi?"

"Kwenye simu. Niliacha pawe wazi kwa wote."

"Mwenye akili zake anaachaje mlango wazi kwa wote?"

"Ofisi iliagiza."

Mama Zenebech alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akafuta machozi. "Hata mapepo hayajawahi kufikiria hilo," alisema. "Nenda kafunge. Lakini zar ukimzibia njia zote isipokuwa moja, hiyo moja ndiyo atakayopita. Angalia unabakiza ipi."

Fikirte hakusubiri kueleweshwa. Alikuwa ameshatoka mbio.

Alimkuta Getnet mlangoni, simu mkononi, anacheka. "Mama Mahlet, hapa umenishinda. Umeandika farasi. Wa kukokota au wa kupanda?"

"Mahlet yuko wapi?"

"Ndani, anacheza."

Mahlet alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, nywele amezifumua, na kichwa chake kilikuwa kikizunguka juu ya shingo, polepole, kulia, nyuma, kushoto, kisha kwa kasi, nywele zikipiga sakafu na kuinuka, na kutoka katika kifua kile kidogo kilitoka kikohozi cha mwanamume mtu mzima anayejiandaa kusema. Fikirte aliivuta kompyuta aliyoazimwa na ofisi ya mtaa, akaufungua ukurasa wa kanuni za orodha, akafuta maneno "ruhusa kwa wote" na kwa vidole visivyomtii akaandika mengine: asome, aandike na afute mmiliki peke yake, aliyeingia kwa akaunti ya Fikirte, na mwingine yeyote akataliwe. Akabonyeza.

Shingo ya Mahlet ilisimama.

"Mama," alisema mtoto, "shingo inauma."

Wakalia wote watatu. Wiki hiyo simu haikulia, na Mahlet akarudi kwenye maziwa yake. Wakaguzi nao wakaleta barua ya kupongeza ukaguzi ambao hawakuufanya, ikitaja kazi ya Bi Fikirte kuwa mfano wa usalama mkoani. Cheti kikaja na mihuri miwili, mmoja umegongwa kichwa chini. Getnet akakitundika ukutani.

Jumamosi Getnet alirudi kutoka kazini akakuta nyasi mbichi zimetandazwa tangu mlangoni. Fikirte aliketi mbele ya jiko la makaa, anakaanga kahawa, naye mwenyewe alijiona anakaanga, kwa mbali, kama mtu anayechungulia nyumba yake kutoka nje, dirisha limefungwa na mvua inamnyeshea; aliisikia siagi ikichuruzika nyuma ya masikio yake, alimwona mumewe akifungua mdomo kuuliza, akataka kumwambia mchukue mtoto mkimbie, mkimbie sasa hivi, lakini kilichotoka kooni mwake kilikuwa kile kikohozi, kisha sauti nene iliyojaa adabu ya watu waliozoea kutumikiwa, ikimwuliza Getnet kwa nini amechelewa, na wakati huohuo kidole gumba chake kilikuwa kikitembea juu ya simu, kwa spelingi nzuri, kikiandika "mtoto wa farasi".

Getnet alimpokonya simu, akaipiga ukutani ikapasuka, cheti kikaanguka nayo. Fikirte alitabasamu, akaivuta karibu ile kompyuta ya kuazimwa. Orodha ilikuwa pale, neno liko mahali pake. Getnet akampigia Wondwossen kwa simu yake mwenyewe.

"Mwalimu, ingia ulifute. Lolote liwalo, lifute."

"Siwezi, kaka," Wondwossen alijibu, na ndani ya sauti yake mlikuwa na fahari kidogo. "Hata mimi nakataliwa. Mkeo kafunga vizuri kuliko darasa zima. Ni yeye tu anayeweza kufuta."

Pazia la chumbani lilisogea. Mahlet alisimama pale, vidole vikifumua msuko mmoja mmoja, macho juu ya kikombe cha kwanza.

"Mama, umeniita?"

Huko alikokuwa, nyuma ya dirisha lake, Fikirte alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akaupeleka mkono wake kwenye lile neno ili alifute. Mkono ulitii mpaka ukafika. Kisha, kwa utaratibu, ukatia tiki.