Sare Iliyopunguzwa Mara Tatu

Soko lilikuwa limefurika mchana ule, watu wanasukumana mabega kwa mabega, na Sista aliingia kwenye kibanda cha Fundi kama aliyetupwa na umati. Alivaa gauni la maua lililopauka, sare yake nyeupe ya uuguzi ameibana kwapani.

"Kiuno kinanipwaya, Fundi. Fanya haraka, zamu inaanza saa nane."

Fundi, kijana mrefu aliyevaa shati la samawati lililonyooka kwa pasi, aliigeuza sare ndani nje.

"Hii imeshapunguzwa mara mbili. Mimi ni wa tatu. Sista, utaisha!"

"Wewe shona. Mwili wangu niachie mwenyewe."

Akaketi kwenye benchi, na kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano, usingizi ulikuwa umeshambeba. Fundi akaiacha cherehani isije ikampigia kelele, akashona kwa mkono. Hakuwa na moyo wa kumwamsha.

Saa nane na robo Sista alizinduka. "Umenifanya nini wewe! Wenzangu wananisubiri!" Akanyakua sare, akatoka mbio. Kesho yake alirudi kuomba radhi, akaondoka na namba ya simu ya Fundi.

Mapenzi yao yakawa ya simuni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekunywa chai."

"Chai hailiwi, Sista."

"Basi nitaitafuna, baba. Niache, kengele inalia!"

Kengele ilikuwa inalia daima. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda thelathini, wagonjwa arobaini na watatu, wauguzi wawili kwa zamu. Wengine wawili walikuwa wameacha kazi mwaka huo huo, na hakuna aliyeletwa kujaza nafasi zao. Anayekuja kukupokea zamu asipotokea, unabaki. Huwezi kuwapa wagonjwa mgongo.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ambayo Fundi alipanga kumpeleka kwa mama yake. Wa kumpokea zamu hakutokea, na simu ilikuwa imefungiwa kabatini. Sista alipoitoa jioni, alikuta amepigiwa mara kumi na saba.

"Mama amekaa mlangoni tangu saa sita na gauni lake la kutokea," Fundi alisema, sauti imemkauka. "Nimwambie nini? Kwamba hunitaki?"

"Nilikuwa kazini, mpenzi."

"Kazini, kazini! Acha basi hiyo kazi, nikuoe, ukae nyumbani!"

"Miaka yote niliyoisomea, wewe unaitupa kwa neno moja. Usinipigie tena."

Wiki tatu zikapita. Alijikaza kisabuni, akachukua na zamu za wenzake ili asipate nafasi ya kuwaza. Hadi asubuhi moja, akiwa kazini saa ya kumi na sita mfululizo, aliposimama na bomba la sindano mbele ya bibi mmoja.

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "mimi si umeshanichoma sasa hivi?"

Sista akatazama faili. Dawa ilikuwa ya kitanda cha pili. Alirudisha sindano kwenye trei, akaenda moja kwa moja kwa metroni, mkuu wa wauguzi.

"Nimekaribia kuua mtu, mama. Nipe karatasi niandike."

Metroni alifunga mlango. "Barua ya kuacha kazi?"

"Sijui. Labda."

"Andika kwanza kilichotokea. Wagonjwa wangapi, umefanya kazi saa ngapi. Tangu mwaka jana naomba watu, naambiwa nisubiri. Safari hii nitawawekea wakubwa wa hospitali hiyo karatasi mezani, wanijibu. Na Jumamosi usionekane hapa."

Alipotoka akamkuta Fundi kwenye benchi la ukumbini, shati limejikunja.

"Nimekaa hapa tangu saa moja," Fundi alisema. "Umenipita mara kumi, hukuniona. Nilidhani unanikwepa. Kumbe hata maji hunywi! Nisamehe."

Hapo machozi yakamtoka. Alimsimulia habari ya sindano, kisha akainua kidole. "Usiniambie niache kazi."

"Sikuambii. Ukibaki nitakuoa, ukiacha nitakuoa. Hilo utaamua mwenyewe."

Jumamosi mchana wakaenda kwa mama. Wakasalimiana, na mama alipoingia tu jikoni kupakua chakula, simu ya Sista ikalia. Alikuwa muuguzi mwenzake.

"Dada, niko peke yangu! Mwenzangu hajafika. Njoo, nakuomba!"

Sista aliziona akilini zile safu za vitanda, mikono imeinuliwa inaita. Tayari alikuwa amesimama. Fundi aliinamisha kichwa.

"Mdogo wangu," Sista akasema, "mpigie metroni. Aje yeye au alete mtu. Mimi leo siji."

Akakata.

"Nawapa miezi mitatu," akamwambia Fundi. "Wakileta watu, nabaki. Wasipoleta, naondoka."

"Na mimi je?"

"Wewe nimeshakuajiri. Huna likizo."

Fundi aliangua kicheko hadi mama akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Alipoambiwa, alimshika Sista mabega, akamkalisha mezani. "Kula, mkwe wangu."

Sista akala, jicho moja kwenye simu. Haikulia tena, na ukimya huo ndio uliomtia hofu: hakujua kama wodini kuna aliyefika.