Kifaa cha Marehemu Latif

Asubuhi ile vifaa vyote vya waokoaji vilikuwa vimezimwa mezani, isipokuwa kimoja kilichowashwa kusikiliza, nacho kikasikia mlio. Ulitoka chini ya sakafu.

"Cha nani hicho?" Zubair alinong'ona.

"Cha Latif," alijibu mjomba wake, Firdous, bila hata kuinuka.

Latif, mwokoaji mwenzao, alifukiwa na poromoko la theluji hapo mlimani Afarwat mwaka uliopita. Theluji ilipoyeyuka mwili ulipatikana, lakini kifaa cha kifuani, kile kinacholia ili wenzako wakupate, hakikuonekana. Ofisi bado inamtaka akirejeshe.

"Betri mwaka mzima, Mjomba?"

"Basi si zile za serikali."

Wakamwita pir, mzee wa dua. Akafukiza mbegu za isband mpaka wote wakakohoa, akasoma, akaonya kuwa amwitikiaye mfu huwa wake, mlio ukanyamaza. Umekwenda wapi, Firdous hakuuliza. Msimu mzima wa kufukua watu ulikuwa umemmaliza. Nje, ubao wa ofisi ulisema hatari ya maporomoko ni ya wastani, kama ulivyosema tangu Desemba, maana mwenye ufunguo wa ubao alikuwa likizo.

Adhuhuri wakapanda kuukagua mteremko uliorundikiwa theluji na upepo wa usiku. Zubair akatangulia kuvuka kwa skii zake, peke yake, kama inavyotakiwa. Theluji ikaguna, ikapasuka, ikashuka naye.

Firdous akageuza kifaa chake kisikilize. Milio miwili. Mmoja hafifu, mbali huko chini. Mwingine mkali, hapo hapo karibu na miguu yake, palipokuwa pananuka isband ileile ya asubuhi, na sauti ya Zubair ikamjia waziwazi kutoka ndani ya theluji, "Mjomba, niko hapa, chimba," naye akapiga magoti, akachomeka koleo, akijua kijana anaishiwa na pumzi, mpaka alipokumbuka jambo analowafundisha wageni kila msimu, kwamba aliyefukiwa huwasikia walio juu, ila walio juu hawamsikii.

Akang'oa koleo. Akateremka kimya kuufuata mlio hafifu, bila kugeuka, ingawa nyuma yake ile sauti ilianza kulia kama mtoto.

Alimfukua Zubair midomo imekuwa kama majivu, lakini yu hai.

"Nilijua utakuja," kijana alisema. "Nilikusikia ukiniita."

"Mimi? Pumzi ya kuita ningeitoa wapi?"

"Uliniita, Mjomba. Toka chini yangu." Macho ya Zubair hayakupepesa. "Nikaitika."