Tanuri Kwenye Shairi la Marehemu

"Mama Fundi, kwenye mashairi ya marehemu, kuna mahali ametaja tanuri?"

Jirani yangu muoka mikate aliniuliza hivyo, kashika uzio wangu kwa mikono miwili.

Wapendwa… mashairi hayo nilikuwa sijamwambia jirani yeyote!

Mume wangu alikuwa fundi bomba. Baada ya mazishi nilikuta daftari lake chini ya spana. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilisoma nikalia. Nikachagua ubeti wa kuchongwa kwenye jiwe la kaburi:

*Jua latoka tanuri, alfajiri kutujia,*
*Mikono yako mizuri, mawingu yaumukia.*

Mistari ya chini ililiwa na panya.

Binti yangu anafundisha fasihi. Nikamuuliza, "Tanuri la nini, mwanangu? Mimi si mshona nguo?"

"Mama nawe! Hiyo ni sitiari. Tanuri ni penzi lako."

Nikafurahi kama mjinga.

Ila baada ya swali la jirani nililifungua daftari upya. Kurasa arobaini. Unga, hamira, moshi wa kuni… Miaka ishirini na sita nimeshona mbele ya macho yake, sindano hata moja hamna!

Nikasali. Kisha nikamwita jirani, binti yangu akiwepo.

"Dada, fundi wa jiwe anakuja kesho. Macho yangu mabovu, hebu nisomee ubeti huu."

Akasoma mistari miwili. Karatasi ikaisha… yeye hakuisha!

"*Unga nyusini hariri, umande umetulia…*"

"Huo mstari umeuona wapi?" binti yangu akamuuliza. "Si uliliwa na panya?"

Muoka mikate akainamisha kichwa.

"Mwalimu," nikamwambia binti yangu, "tanuri ni tanuri."

"Mama Fundi, nisamehe…"

"Muombe Mungu, Yeye hachoki. Kwenye jiwe nitaweka jina na tarehe, basi."

Wanawake wenzangu, ukiandikiwa shairi usikimbilie kulia. Tafuta kwanza kazi ya mikono yako humo ndani. Usipoiona, ujue gauni hilo limekatwa kwa kipimo cha mwingine.

Nikamsukumia jirani daftari lote, nikidhani ataona haya kulishika.

Akalikumbatia kifuani, pale pale mbele yangu, akafungua mlango na kutoka.