Mluzi wa Kuiba

Yalimpata rafiki yangu Evodia, na anayesema katunga aje tubishane. Kwao ni wakulima waliohamia kijiji cha Munguli, jirani na Wahadzabe, wale wawindaji wa porini. Jioni moja alitumwa kuni, akaenda peke yake, maana Selina, shoga yake tangu chekechea, siku hizo alikuwa wa Tausi tu, binti wa Kihadzabe aliyemfundisha mluzi wa kumwita ndege wa asali, yule anayeongoza watu hadi kwenye nyuki.

"Mluzi gani wa kunificha mimi?" Evodia alifoka. Alishauiba kwa kuwanyatia. Giza lilipoanza kuziba vichaka, akaupiga, ili Tausi aje, yeye Evodia ampe za uso.

Ukajibiwa. Akapiga tena, ukajibiwa karibu zaidi, kisogoni kwake. Hakuna jani lililotikisika.

Akakimbilia kambi ya akina Tausi, ndiyo iliyokuwa karibu. Tausi na Selina walikuwa wakiota moto, wanalamba asali.

"We Evo, wivu utakuua," Selina akacheka. "Njoo ule."

Mluzi ukalia. Tausi akaacha kulamba, akamgeukia Evodia. "Acha, dada. Ndege wamelala."

Evodia akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mluzi ukaendelea, mle mle ndani ya viganja.